Kompyuta ikijizima katikati ya gemu, pima kwanza kabla ununue kitu

Ni Ijumaa usiku, saa nne hivi. Uko kwa keja yako Free Area, hedifoni kichwani, timu yako iko mbele kwa bao moja na zimebaki dakika tano. Ghafla skrini inakuwa nyeusi tii. Hakuna onyo, hakuna ujumbe. Feni zinavuma, nembo ya mtengenezaji inatokea, na Windows inaanza upya kana kwamba hakuna lililotendeka. Wenzako mtandaoni wanadhani umehepa.

Unaingia tena. Dakika ishirini baadaye, nyeusi tena. Ajabu ni kwamba mashine hiyo hiyo imeshinda nawe mchana kutwa ukiandika kazi ya chuo na kutazama filamu mbili, na haikukohoa hata mara moja.

Kesho yake unaibeba hadi mjini. Fundi wa kwanza anaiwasha, anaitazama dakika mbili, anasema, "Hii ni RAM, boss." Unatoa pesa. Wa pili anasema Windows imeharibika, tuweke nyingine. Unatoa pesa. Wa tatu anatikisa kichwa: mazabodi imeenda, tafuta mashine nyingine. Wiki tatu zikipita umetumia thao nane, na ukifungua gemu ile ile, kompyuta inazima vile vile.

Kama hii ni hadithi yako, basi elewa kwamba kompyuta ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni tabia yetu, sisi wanunuzi pamoja na mafundi wetu, ya kubahatisha kwanza na kupima baadaye. Kubahatisha huko kunalipiwa na kijana ambaye mashine hiyo ndiyo darasa lake, ndiyo studio yake ya kuhariri video, na ndiyo ofisi yake ya kazi za mtandaoni. Kwa wengi wetu hapa Nakuru, gemu ni starehe ya jioni. Mchana mashine hiyo hiyo inatafuta unga.

Hoja yetu leo ni fupi. Usinunue kipuri chochote hadi mtu akuonyeshe ushahidi. Na ushahidi wenyewe, mwingi unaweza kuupata wewe mwenyewe bila kutoa hata mbao.

Kwa nini gemu na si Word?

Anza hapa, kwa sababu ukielewa hili hutabebwa ufala tena.

Ukiandika barua, kompyuta ya mezani hula umeme kidogo tu. Ukifungua gemu nzito, prosesa na kadi ya grafiki zinaamka pamoja na kudai umeme mara kadhaa zaidi, tena kwa mpigo. Kadi kubwa za siku hizi zinaweza, kwa sehemu ndogo ya sekunde, kuvuta umeme unaozidi kwa mbali kiwango kilichoandikwa kwenye boksi lake. Umeme huo wote unageuka kuwa joto. Kwa hivyo gemu ni kama kumpeleka mtu mbio za Iten: ugonjwa uliojificha akiwa ameketi utajitokeza kwenye mlima wa kwanza.

Ndiyo maana mashine inayozima wakati wa gemu pekee huwa inalalamikia mambo mawili kabla ya mengine yote: umeme na joto. RAM, draiva na Windows zinafuata baadaye. Fundi anayeanza na Windows bila kugusa hayo mawili ameanzia mkiani.

Stima kwanza

Umeme wa Kenya ni volti 240, mapigo 50 kwa sekunde. Maana yake kila pigo huchukua milisekunde 20. Ndani ya kompyuta kuna pawa saplai, lile boksi la chuma ambamo waya wa stima huingia. Viwango vya utengenezaji vinaitaka pawa saplai nzuri iendelee kuishikilia kompyuta kwa takriban milisekunde 16 au 17 baada ya stima kukatika, ikiwa imebeba mzigo mkubwa. Ikiwa na mzigo mdogo, inashikilia kwa muda mrefu zaidi.

Sasa fikiria jirani anayechomelea mageti, au shawa ya umeme inayowashwa kwenye ploti. Taa inapepesa kidogo, hata huioni vizuri. Kama ulikuwa unaandika barua, pawa saplai imevuka shimo hilo bila shida. Kama ulikuwa kwenye gemu, mzigo ulikuwa mkubwa, akiba ikaisha kabla stima irudi, na kompyuta ikaanza upya. Si uchawi. Na ikiwa pawa saplai yenyewe ni ya bei ya chini, yenye kapasita ndogo, akiba hiyo ni finyu zaidi.

Inauma kidogo ukikumbuka tunaishi wapi. Olkaria, kule Naivasha, imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981, na Menengai iliyo juu ya vichwa vyetu nayo imeanza kuzalisha. Lakini umeme kuzalishwa karibu na kwenu ni jambo moja, na umeme kufika kwa soketi yako ukiwa umetulia ni jambo lingine. Kati ya hayo mawili kuna transfoma iliyolemewa, nyaya za ploti zilizounganishwa kwa haraka, na ekstensheni moja inayobeba friji, pasi na kompyuta.

Kwa hivyo jaribio la kwanza ni la bure. Chomoa kompyuta kutoka kwa ekstensheni, ichomeke moja kwa moja ukutani, peke yake. Ukiweza, ipeleke kwa rafiki anayeishi mtaa mwingine, ucheze gemu ile ile kwa muda ule ule. Ikitulia kule Section 58 na kuzima tu ukiwa kwako, basi usiguse kitu chochote ndani ya mashine. Tafuta fundi wa stima.

Jambo lingine la ukutani: ukigusa kasha la chuma la kompyuta ukahisi vidole vikitekenywa, huenda soketi yako haina waya wa ardhini. Hilo ni hatari kwako kuliko lilivyo kwa gemu. Mwambie mwenye nyumba, na usikubali akujibu kwamba "ni kawaida".

Na tafadhali, tofautisha UPS na gadi ya friji. Gadi hukata stima ikichafuka na kungoja kabla ya kuirudisha. Haikuvushi shimo lolote. UPS ina betri, hiyo ndiyo hukuvusha. Lakini soma lebo yake: iliyoandikwa 650VA haibebi wati 650, nyingi hubeba kama wati 360 hivi. Ukiipakia kompyuta ya gemu na monita mbili, UPS yenyewe inaweza kulemewa na kukuzimia, kisha ukalaumu kompyuta bure.

Lebo inayosema ukweli

Sasa tuje kwa biashara inayotuumiza zaidi.

Soko letu limejaa kompyuta za ofisi zilizotoka ng'ambo, zile tunazoziita eks-UK. Ni mashine nzuri. Nyingi zitakutumikia miaka. Shida inaanza pale muuzaji anapochukua kompyuta iliyoundwa kwa kazi za karani, anaipachika kadi ya grafiki ya mtumba, anaweka taa za rangi, halafu anaibandika jina jipya: kompyuta ya gemu.

Tupige hesabu pamoja. Dell OptiPlex 7010 ya kasha la wima ilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 275. Ile ndogo ya kulala ilikuwa na wati 240. Prosesa yake ya Core i5-3470 imekadiriwa kuwa ya wati 77. Muuzaji akiweka kadi ya RX 580, ambayo kwa kawaida hula wati 185, umeshafika wati 262 kabla hujahesabu mazabodi, diski, feni na vitu vyote vya USB. Hapo hujaacha nafasi yoyote ya ile mivuto ya ghafla. Mashine hiyo itawaka dukani, itakuonyesha picha nzuri, itakuchezea video ya YouTube. Itazima ukifika nyumbani na kuingia kwenye gemu.

Mbaya zaidi, pawa saplai hizo za ofisi kwa kawaida hazina waya wa kulisha kadi kubwa kama hiyo. Kwa hivyo mtu anaunganisha adapta kutoka kwa plagi ya diski, ambayo haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Plagi inapata moto, plastiki inayeyuka. Ukifungua kasha lako ukaona adapta kama hiyo, au ukanusa harufu ya plastiki iliyoungua, acha kucheza leo. Si kesho.

Mashine hizo zina kadi zinazozifaa. Mdomo wa mazabodi pekee unaweza kutoa hadi wati 75, na kadi kama GTX 1050 Ti nyingi zinatosheka na hizo bila waya wa ziada. Hutacheza kila gemu kwa picha ya juu kabisa, lakini utacheza bila kuzimiwa.

Na ukiamua kununua pawa saplai mpya, usisome namba kubwa iliyo kwenye boksi. Geuza ubavuni, tafuta mstari ulioandikwa +12V, uone ampea ni ngapi, kisha zidisha kwa 12. Hapo ndipo prosesa na kadi ya grafiki hulia chakula. Pawa saplai inayojiita ya wati 500 lakini ina ampea 18 kwenye mstari huo inakupa wati 216 tu mahali unapozihitaji. Hizo 500 ni za mdomo. Uliza pia kama itaingia kwa mashine yako, maana baadhi ya Dell na HP za ofisi zina plagi zao wenyewe ambazo haziingiliani na pawa saplai za kawaida.

Onyo moja: usifungue boksi la pawa saplai lenyewe, hata kama umetazama video kumi. Kapasita zake zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Likiharibika, badilisha zima.

Vumbi la mji wa vumbi

Wengi husema jina Nakuru limetoka kwa Kimaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Yeyote aliyepita Rhonda au Kaptembwa mwezi wa Januari hawezi kubisha. Vumbi letu ni laini, linaingia kila mahali, na feni ya kompyuta kazi yake ni kuvuta hewa mchana na usiku. Baada ya mwaka mmoja, mbavu za chuma zinazopoza prosesa huwa zimefunikwa blanketi.

Ongeza jambo ambalo wengi hatulifikirii. Mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Bahati yetu ni kwamba huku kuna baridi kuliko Pwani, kwa hivyo tunasawazisha kiasi. Lakini ukichanganya hewa nyepesi, vumbi, na kompyuta iliyosukumwa kwenye kona chini ya meza karibu na ukuta, bahati hiyo inaisha haraka.

Kupima joto ni bure. Pakua programu kama HWiNFO au HWMonitor, iache ikiandika namba, cheza gemu nusu saa, kisha uangalie kiwango cha juu kilichofikiwa. Prosesa nyingi huanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100. Ukiona prosesa yako imeganda huko, umepata mshukiwa. Kadi ya grafiki ikiwa kwenye nyuzi 80 na kidogo, wengi wasingepiga kelele, lakini ikiendelea kupanda bila kutulia, isikilize.

Kuna dalili nyingine unayoweza kuiona kwa macho. Mara nyingi mashine iliyozidiwa na joto huzima na kubaki imezima, na ukiiwasha papo hapo inazima tena mapema zaidi. Ile inayozima na kuwaka yenyewe mara moja, mara nyingi shida yake ni umeme. Si sheria ya Musa, lakini inakuelekeza pa kuanzia.

Ukisafisha, toka nje, chomoa kila waya, na ushikilie feni kwa kidole isizunguke unapopuliza hewa, maana bloa ikiizungusha kwa kasi unaweza kuiharibu. Kama mashine ina miaka mitano na hakuna aliyewahi kugusa prosesa, ile pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma chake huenda imekauka. Kubadilisha pesti ni kazi ndogo, na bei yake si ya kukulaza macho. Na kwa wenye laptopu: kitanda si meza. Blanketi linaziba matundu ya hewa kabisa.

Iulize kompyuta yenyewe

Windows huweka kumbukumbu ya kila inapozima vibaya. Fungua Event Viewer, ingia sehemu ya System, tafuta Kernel-Power yenye namba 41. Wengi wakiiona hiyo wanaruka juu: pawa saplai imekufa! Hapana. Namba 41 inasema jambo moja tu, kwamba kompyuta ilizima bila kuaga. Bonyeza ndani uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na hilo linatuelekeza kwa umeme, joto au kipuri. Ikiwa ni namba nyingine, Windows yenyewe iliona kosa, na namba hiyo inaweza kutafutwa.

Zima pia ile tabia ya Windows kujiwasha upya ikipata kosa. Andika sysdm.cpl kwenye sehemu ya kutafutia, ingia Advanced, halafu Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo, kama kulikuwa na skrini ya bluu inayopita haraka, itasimama uisome na kuipiga picha. Kama hakuna bluu na bado inazima, umeshajifunza kitu.

Sasa mtihani wa kutenganisha. Punguza mzigo: weka gemu kwenye picha 30 kwa sekunde, au tumia MSI Afterburner kushusha nguvu ya kadi hadi asilimia 70. Ikiacha kuzima, na joto lilikuwa sawa tangu mwanzo, mshukiwa mkuu ni pawa saplai. Kisha jaribu prosesa peke yake kwa Cinebench, halafu kadi peke yake kwa FurMark ukiwa umekaa hapo hapo ukitazama joto. Kila moja ikipita peke yake lakini zikizima zikiwa pamoja, hiyo ni lugha ya pawa saplai iliyolemewa.

RAM nayo ina mtihani wake. Andika mdsched, uiruhusu iwashe upya na kujikagua, au acha MemTest86 ikimbie usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Kama una vijiti viwili, jaribu kimoja kimoja. Ukishafanya hivyo, hakuna atakayekuuzia RAM mpya kwa kukisia.

Siri ya yote haya ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Saa, gemu, joto, ulichobadilisha, kilichotokea. Ukurasa mmoja wa daftari. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na mashine ikapona, hujui ni kipi kilichokuponya, na ikirudi kuugua utaanza upya.

Hata wakubwa hukosea

Usidhani kubahatisha ni ugonjwa wa mafundi wa Nakuru pekee. Kati ya 2023 na 2024, wachezaji duniani kote wenye prosesa kubwa za Intel za kizazi cha 13 na 14 walikuwa wakiona gemu zikianguka. Ujumbe wa kosa mara nyingi ulidai kumbukumbu ya kadi ya grafiki haitoshi, hivyo kidole kikaelekezwa kwa kadi. Aprili 2024 Nvidia, wanaotengeneza kadi hizo, wakawaelekeza watu kwa Intel. Julai mwaka huo Intel wakakiri kwamba prosesa zilikuwa zikipewa volti za juu kupita kiasi. Agosti wakatoa rekebisho kupitia BIOS, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Rekebisho hilo halikuweza kuponya prosesa zilizokuwa zimeshaharibika.

Kama kompyuta yenyewe inaweza kuandika kwamba tatizo ni kadi huku ugonjwa uko kwa prosesa, fundi aliyeitazama dakika mbili anapataje uhakika wake? Na kama una prosesa ya aina hiyo, hakikisha BIOS yako ni mpya leo hii.

Tunachodai

Kwa wauzaji: ukiuza kompyuta ya gemu, andika kwenye risiti kadi gani iko ndani, pawa saplai ya kampuni gani, na ampea ngapi kwenye mstari wa +12V. Hicho si kitu kigumu, ni kalamu na dakika moja. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nayo. Mashine isiyoweza kucheza gemu haipaswi kuitwa ya gemu.

Kwa mafundi: tunajua kuna mafundi hodari katika mji huu, waliojifunzia kwa vyuo vyetu na wengine kwa kazi yenyewe. Toza ada ya uchunguzi bila aibu. Tutailipa. Ni afadhali mteja alipe kidogo kwa saa moja ya kupimwa kuliko alipe mara tatu kwa kukisiwa. Lakini akilipa, muonyeshe namba: joto lilifika hapa, RAM ilipita, ilizima ikiwa na mzigo huu. Na kipuri ulichotoa, mrudishie mikononi.

Kwako msomaji: nawe una sehemu yako. Tunapenda kuulizia bei ya mwisho kabla hatujauliza kilicho ndani. Tunalipia taa za rangi na kusahau boksi la chuma lililo chini. Tunakataa kulipa ada ya uchunguzi, halafu tunashangaa fundi anapokisia. Ukidhulumiwa kweli na muuzaji akakataa kusikia, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Huko utahitaji risiti na ule ukurasa wako wa daftari. Kelele pekee hazitakusaidia.

Na usiitupe mashine kwa sababu mtu mmoja amesema mazabodi imeenda. Jaa la Gioto limejaa vya kutosha, na huenda unachotupa kinahitaji tu kusafishwa vumbi au pawa saplai ya kweli.

Siku ukienda kununua, iwe ni Kenyatta Avenue au kwenye kibanda cha rafiki wa rafiki, beba gemu yako kwenye flashi. Omba iwashwe, joto likionekana kwenye skrini, na ichezwe nusu saa ukiwa umeketi hapo. Muuzaji anayejua alichokiweka ndani atakuvutia kiti. Atakayeanza kukuambia stima ya duka haitoshi, mshukuru, chukua flashi yako, uende duka linalofuata.